Nchi ya Ajabu Inataka Karani

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wasomaji na waandishi chipukizi waliokusanyika hapa Tanga. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke yote, nami nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha: assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa jumla, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mwandishi wa riwaya za fantasia. Hizi riwaya za majini, za falme zisizo kwenye ramani, za watu wanaozungumza na bahari ikawajibu. Nikawauliza waandaaji, mnataka kujua nini hasa? Wakasema watu wanataka kujua unaishije. Unaamka saa ngapi, unaandikia wapi, unakula nini. Hasa hilo la kula.

Kitabu changu cha kwanza kilipotoka, mtaani kwetu ikavuma kwamba mama fulani anaandika mambo ya majini, tena anayajua kwa majina. Jioni moja akaja mzee na kuku mkononi. Baiskeli yake imeibwa, anataka nimtazamie iko wapi. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Mimi si mganga. Mimi ni mtunza stoo wa shule ya sekondari." Mzee akafikiri, akanijibu, "Basi ndiyo vizuri zaidi. Mtunza stoo ndiye anayejua kila kitu kiko wapi."

Mnacheka. Lakini mzee yule aliielewa kazi yangu kuliko wahakiki wengi, nami tangu siku ile nimeacha kuwabishia watu wanaoniuliza naota nini usiku. Siulizwi ninachoandika kwenye leja, na kazi yenyewe iko huko. Nimekuja kusema jambo moja leo: nchi ya ajabu inataka karani. Ndoto kila mtu anazo, hata mlinzi wa geti anaota. Anayeijenga nchi ya ajabu mpaka wageni wakaingia na kukaa ni mtu mwenye tabia za karani.

Nani humu ndani hajasoma Kusadikika? Inueni mikono, msione haya. Wawili. Nyinyi wawili tutaonana nje.

Mwenye kitabu kile ni mtu wa hapa hapa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, Januari 1, 1909, na kaburi lake liko Machui. Sasa niwaulize: Shaaban Robert alifanya kazi gani? Nasikia mtu anasema mshairi. Ushairi haukumpa mshahara, ndugu yangu. Alifanya kazi gani?

Alikuwa karani. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, kijana mbichi, akakaa humo mpaka 1944, akihamishwa kituo hiki na kile, Pangani ikiwa kimojawapo. Kutoka hapo akapelekwa Idara ya Wanyama, Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga, ofisi ya jimbo. Mwaka 1952 akaingizwa ofisi ya kupima ardhi.

Hapo ngojeni kidogo. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Ni nchi inayoning'inia hewani, haina hata futi moja ya ardhi ya kupimwa. Mtu amekwisha kuichapa nchi hiyo, mwaka unaofuata serikali inampeleka akahudumie wapima ardhi! Mimi huwa nacheka peke yangu nikifika hapo.

Na mkiirudia Kusadikika, msitafute joka wala upanga unaong'aa. Tazameni mle ndani kuna nini. Kuna mashtaka. Kuna mshtakiwa, Karama, ambaye kosa lake ni kutaka watu wafundishwe mambo ya sheria. Kuna Waziri Majivuno anayemshtaki mbele ya mfalme na baraza. Kuna utetezi wa siku sita. Na kila siku Karama anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nje ya nchi: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mjumbe anataabika njiani, anaona mambo ya ajabu, anarudi nyumbani na mapendekezo ya kuiinua nchi yake. Na malipo yake ni nini? Gereza. Wajumbe sita, ripoti sita, na hakuna hata moja iliyofanyiwa kazi.

Niambieni, nani anaweza kubuni jambo kama hilo? Mtu aliyekaa ofisini. Mtu aliyeona faili likiingia chumba cha mkubwa lisitoke tena. Waandishi wengine wanatia zimwi lenye vichwa saba. Shaaban Robert alitia mkubwa anayeogopa mtu mwenye wazo, na mpaka leo zimwi hilo linatutisha zaidi kwa sababu sote tumewahi kusimama kwenye dirisha lake tukiambiwa turudi kesho.

Tena huyu alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Angeandika kitabu kinachoitwa Tanganyika, chenye waziri wa namna ile na magereza ya namna ile, nani angekichapa? Na kesho yake angeripoti kazini wapi? Akaipandisha nchi hewani, akaitazama kwa chini, akaieleza yote. Watu wanasema fantasia ni kukimbia maisha. Mimi naiona ile ni njia ya mtu mwenye mshahara, mke na watoto kusema analotaka kusema na Jumatatu bado akaenda kazini.

Kuna kitabu cha barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, barua za kuanzia 1931 mpaka 1958. Kitafuteni. Humo hamuoni mtu aliyeketi chini ya mwembe akingoja kushukiwa na maneno. Mnamuona mtu mwenye kazi, jamaa na miswada.

Msidhani ni mambo ya kwetu tu, kwamba ni umaskini. Uingereza alikuwapo Terry Pratchett, aliyebuni dunia bapa inayobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kobe. Alipokuwa akiijenga dunia ile alikuwa ofisa habari wa shirika la umeme, tena shirika lenye vinu vya nyuklia. Kazi yake kuwatuliza waandishi wa habari kila penye tetesi. Jioni akirudi nyumbani anaandika maneno 400. Kitabu cha kwanza cha mfululizo ule kilitoka 1983, na kazi ya umeme hakuiacha mpaka 1987.

Marekani yuko Brandon Sanderson. Mwaka 2022 wasomaji walimchangia kwa mtandao zaidi ya dola milioni 41 kwa ajili ya vitabu vinne ambavyo alikwisha kuviandika. Hizo milioni 41 vijana wote mmezisikia, naona mnatikisa vichwa. Mmesikia ile ya mwanzo? Akiwa mwanafunzi alishika zamu ya usiku mapokezi ya hoteli. Wageni wamelala, simu haiiti, yeye anaandika. Alikwisha kuandika riwaya 13 kabla ya kuuza hata moja, na iliyonunuliwa ilikuwa ya sita kuandikwa. Ilitoka 2005.

Basi nijibuni kwa sauti. Forodha ya Tanganyika, nani aliandika?

Karani!

Mapokezi ya hoteli usiku wa manane, nani aliandika?

Karani!

Ahsanteni. Sasa hesabu, maana karani bila hesabu ni mpita njia. Maneno 400 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, zile 65 tumeziacha kwa malaria, misiba, sikukuu na mgao wa umeme. Hiyo ni maneno 120,000. Hiyo ni riwaya, na imenona.

Mimi naandika baada ya swala ya alfajiri mpaka watoto waamke. Naandika kwa mkono, kwenye kaunta buku, na kalamu ya wino wa bluu. Jioni siwezi. Jioni kichwa kimejaa magunia ya maharage, nani kachukua majembe, darasa gani halijarudisha mafagio. Wikiendi nakichapa nilichoandika kwa simu, kidole kimoja, kwa sababu kompyuta ya nyumbani ni ya mwanangu wa chuo na ana masharti nayo. Mkiniuliza chumba changu cha kuandikia kikoje, ni meza ya kulia chakula, upande usio na jiko.

Nije kwenye leja. Stoo ya shule ina sheria moja: kitu hakitoki bila kuandikwa. Nani kachukua, lini, kwa idhini ya nani, kimebaki kiasi gani. Riwaya zangu zina leja hiyo hiyo. Kila jini lina ukurasa wake: linaweza nini, haliwezi nini, na kila likitumia uwezo wake linalipa nini. Mganga akitoa hirizi, nimeandika hirizi imetoka. Akitaka kutoa nyingine sura ya ishirini, nafungua leja: amebakiwa nazo ngapi? Kama zimekwisha, zimekwisha, hata kama shujaa yuko kwenye mdomo wa papa. Hapo ndipo hadithi inapokuwa tamu, kwa sababu mimi na shujaa wote tumebanwa.

Vijana wengi wananiletea miswada ambayo uchawi wake hauna leja. Mtu akikwama, anaota mbawa. Akikwama tena, pete inang'aa. Nauliza, pete ilitoka wapi? Naambiwa ni ya babu. Babu alikuwa nayo tangu sura ya ngapi? Kimya.

Kingine ni yale majoka ya Ulaya. Sina ugomvi nayo, kila mtu na mzimu wake. Lakini kama umelileta joka mlima Usambara, nijibu maswali ya stoo. Linakula mbuzi wangapi kwa wiki? Mbuzi hao wa nani? Bei ya mbuzi imepanda kiasi gani tangu lije? Diwani anasemaje? Ukiyajibu hayo, joka limekuwa mwenyeji wa Lushoto, na mimi nitanunua kitabu. Usipoyajibu, umeazima picha tu.

Na leja kubwa kuliko zote kwa sisi watu wa pwani ni bahari.

Riwaya yangu ya pili niliiuza kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp kabla haijawa kitabu. Mnajua mtindo: sehemu za mwanzo bure, watu wakishanasa unawaambia anayetaka kuendelea alipie kwa simu. Basi nilikuwa na binti anayekimbia askari wa mfalme, na njia yake pekee ni kuvuka mkono wa bahari kwa miguu mpaka kisiwani, usiku wa mwezi mpevu. Niliishia hapo, kesho inaendelea. Akaandika msomaji mmoja, mvuvi, ambaye alikuwa bado hajalipia. Akasema, "Dada mwandishi, mwezi mpevu ni bamvua. Huyo binti anavuka saa ngapi?" Hakuongeza neno. Kundi zima likanyamaza kungoja.

Nyinyi watu wa Tanga mnaelewa lile swali. Mtu wa bara anaweza kudhani bahari inajaa na kupwa inavyotaka. Bahari ina ratiba. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hapa kwetu maji hukauka kiasi cha saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Ndiyo maana akina mama wa pweza mnawaona mwambani jua likiwa limekwisha kupanda. Alfajiri, kwenye saa kumi na saa kumi na moja, maji yamejaa mpaka kwenye mikandaa. Nikamjibu, "Kaka, lipia uone."

Kesho yake binti akavuka saa tano usiku, mwezi uko juu, maji yako kwenye kifundo cha mguu. Askari wa mfalme ni watu wa bara. Walifika ufukweni saa kumi alfajiri, wakaona nyayo zimeingia majini, wakazifuata. Yule mvuvi akaandika, "Wamekwisha hao," akalipia, na baada yake wakalipia wenzake wengine wa dau lake.

Profesa Tolkien wa Oxford, ambaye hadithi zake wengi wenu mmeziona kwenye filamu bila kujua ni zake, alipatwa na jambo hilo hilo. Mwaka 1944, katikati ya kazi yake kubwa, The Lord of the Rings, aliona kwamba mwezi wake ulikuwa unachomoza sehemu moja ya nchi na huku unazama sehemu nyingine kwa wakati ule ule. Angeweza kusema ni nchi ya kubuni, nani atajua? Alirudi nyuma kuzipanga siku upya. Mtu huyu, tukumbuke, likizo zake alikuwa akisahihisha mitihani ya shule ili apate nyongeza ya fedha. Walimu mliopo hapa, poleni, na jipeni moyo.

Sasa la kula, nililoahidi.

Baada ya kitabu cha kwanza niliitwa na mchapishaji mmoja. Chai, maandazi, maneno matamu. Akanisukumia karatasi: laki tano taslimu, tia sahihi hapa chini. Nikaisoma. Karatasi ilisema nauza haki zote, kwa muda wote, kwa namna zote zinazojulikana na zitakazojulikana. Nikamuuliza mambo matatu. Haki zipi hasa? Miaka mingapi? Na hesabu ya mauzo nitaletewa lini? Akaniambia, "Mama, wewe ni msanii, haya mambo tuachie sisi." Nikamjibu kwamba mtunza stoo hasaini kupokea mzigo asiouhesabu. Maandazi niliyamaliza. Sikuitwa tena.

Ninyi mnaopenda kuitwa wasanii, nawasihi: siku ya mkataba, vueni usanii, vaeni ukarani. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako muda wote wa uhai wako na miaka 50 baada ya kufa. Maana yake unaposaini "haki zote" unasaini na kwa niaba ya wajukuu. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kufikirika, riwaya yake nyingine ya nchi ya kubuni, ilitoka 1967. Mwandishi hayupo, kitabu ndiyo kwanza kinaanza maisha. Kitabu kinaishi kuliko sisi, kwa hiyo andikeni jina la mtu atakayekipokelea fedha.

Na fedha zenyewe? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 15,000 na mrabaha wako ni asilimia 10. Ni 1,500 kwa nakala. Nakala 1,000 zikiuzwa, na kwa riwaya ya Kiswahili isiyosomwa darasani hiyo ni sherehe, umepata milioni moja na nusu. Gawanya kwa alfajiri zote ulizoamka. Au usigawanye, bora usigawanye. Tuzo zipo: ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo mshindi wa kwanza hupata milioni 10, na ile ya Safal inayopokea miswada ya Kiswahili kutoka pande zote. Pelekeni. Ila tuzo usiiweke kwenye bajeti ya ada.

Kwangu vipande vya simu vinaingiza zaidi kuliko vitabu vya karatasi. Na wizi upo huko huko. Kuna kijana aliwahi kusoma sehemu zangu kwa sauti, sauti nzuri kweli, akaziuza kwenye makundi yake kwa nusu ya bei. Nilifanyaje? Leja. Sasa kila mnunuzi anapokea faili lenye jina lake na namba yake juu ya kila ukurasa. Likionekana mahali pengine, najua limetoka stoo ya nani. Wizi haujaisha, ila aibu imeupunguza sana. Kwa mwaka mzuri kazi hii inalipa ada ya mtoto mmoja na saruji kidogo. Ndiyo maana Jumatatu mtanikuta stoo, na sina kinyongo nayo. Nusu ya majini yangu nimeyatoa humo humo, kwenye tabia za watu wanaokuja kuomba chaki.

Naonyeshwa saa. Wali umefika, nausikia harufu. Tutafanya hivi: waliokuja na mikataba mkononi, naona bahasha mbili tatu hapo nyuma, leteni mbele kwanza tuisome pamoja kabla hamjasaini. Wenye maswali ya majini mtanisubiri.